Injini Iliyohama Boksi

Jumamosi, saa nne kasorobo asubuhi, mlango wa duka la modeli za plastiki za kuunganisha ulisukumwa kwa nguvu hata kengele yake ikadondoka. Mwanamke aliyeingia alikuwa mgeni kabisa pale. Alivaa fulana ya njano yenye jina la shule ya udereva mgongoni, na kwapani alibana boksi kubwa lenye picha ya kifaru cha vita.

"Mwenye duka nani?"

"Mimi," alijibu mzee wa kaunta. Watu walimwita Gundi, kwa sababu kila alichoshika kilichelewa kumwachia vidole. "Karibu, mwanangu."

"Mwanao aende polisi, au tumalizane hapahapa?"

Kwenye kona, Fundi Meno aliirudisha brashi aliyokuwa akiichagua. Riziki yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Siku za mapumziko aliunganisha magari ya deraya ya plastiki, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza maishani, kazi yake ilikuwa imechaguliwa kwa maonyesho ya kesho. Hakupenda kuingilia ugomvi wa watu, ila alipenda sana kujua ulianzaje.

Mgeni alimwaga vilivyomo juu ya kaunta. Jana jioni, alieleza, alinunua boksi hilo kwa shemeji wa Gundi, aliyekuwa zamu. Alimnunulia baba yake, ambaye ujana wake wote aliumaliza jeshini akiwa fundi wa vifaru. Maandishi ya boksi yaliahidi kalibu mpya na injini kamili ndani, kila bomba mahali pake.

"Mzee kafungua, kapapasa. Halafu akaniambia, 'Mwanangu, hili si gari langu. Gari langu lina injini.'" Aliusukuma mfuniko wa boksi pembeni. "Jumatatu anapasuliwa macho. Daktari hakumficha: huenda akaona vizuri, huenda asione tena. Anataka kuifunga injini ile mara moja tu, angali anaona. Sasa niambieni, nani kamwibia baba yangu injini?"

Gundi alitoa macho. Fundi Meno alisogea.

"Samahani, dada. Niruhusu niangalie."

Alivishika vipande kimoja kimoja, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha kama anavyogeuza meno kabla hayajamfikia mwenyewe.

"Hii ni kalibu ya zamani," alisema.

"Kalibu ndiyo nini?"

"Chuma kinachomiminiwa plastiki. Kiwanda kikishachonga kalibu moja, kinaweza kutoa vipande vilevile miaka arobaini, kikawa kinabadilisha picha ya boksi tu. Hilo ndilo toleo la kurudiwa. Ona hapa tumboni, tundu hili lilikuwa la swichi. Zamani ndani waliweka betri na mota ya kuchezea, ndiyo maana hakuna injini. Kalibu mpya ni kazi ya kuanza moja. Watu wamekwenda kulipima gari lenyewe, wakachonga chuma upya. Boksi lako ni la kalibu mpya. Vilivyomo ni vya zamani."

"Na yale?" Mgeni alielekeza kidole nyuma ya Gundi. Rafuni palikuwa na safu ya maboksi ya kifaru kilekile, toleo la kurudiwa, bei rahisi. "Katoa cha ghali, katia cha rahisi! Kumbe mzee mzima, mwizi!"

"Mimi?" Maji yalikuwa yamemfika Gundi shingoni. "Miaka yote hii nauza hapa, mimi?"

"Fungua boksi moja la rafuni," Fundi Meno alimwambia.

Vipande vilifanana kama mapacha, hata mwaka uliochongwa ndani ya tumbo ulikuwa uleule. Lakini Fundi Meno hakuangalia mwaka. Aliangalia minyororo ya kifaru, ile ya mpira mweusi inayozungushwa kwenye magurudumu. Ya rafuni ilikuwa laini, safi. Ya mgeni ilikuwa imenata kwenye plastiki. Alipoivuta ilitoka kwa mlio, ikaacha alama zilizong'aa, kama plastiki imeng'atwa na kitu cha moto.

"Mpira huu na plastiki hii havipatani," alisema taratibu. "Vikilala pamoja miaka mingi, mpira hutoa mafuta na kuila plastiki. Maboksi ya rafuni yametoka kiwandani mwaka huu. Hivi vyako, dada, vimelala pamoja tangu mimi nasoma shule. Havikutoka duka hili. Vimetoka kabatini kwa mtu."

Gundi alishusha pumzi hata miwani ikapata ukungu. "Mungu akupe meno ya dhahabu!"

"Ninayo mengi kazini. Hebu niambie nani amelishika boksi."

Lilikuwa moja tu, Gundi alieleza, lilifika Jumatano. Alhamisi jioni wanachama wa klabu ya modeli walikutana chumba cha nyuma, likafunguliwa watu walione. Gundi alikuwa kaunta na wateja. Waliobaki na boksi ni watatu: shemeji yake, mwanachama aliyeitwa Ghala kwa wingi wa maboksi aliyorundika nyumbani, na Kamanda, mwenyekiti wa klabu.

Shemeji aliitwa, akaja akifikicha macho.

"Nimwibie mtu injini ya plastiki, niiendeshe wapi?" alisema. "Mimi kwangu kifaru na tingatinga ni mtu na kaka yake. Nililifunga tu boksi walipoondoka."

"Lilikuwa jepesi?" aliuliza Fundi Meno.

"Wapi! Zito vilevile. Ndiyo maana sikushtuka."

"Nani aliondoka na mfuko?"

"Wote. Hawa watu wakitoka hapa mikono mitupu, ujue wanaumwa."

Mgeni alikunja mikono kifuani. "Nawapa mpaka jioni. Baada ya hapo mji mzima utajua duka hili linauza nini." Kisha akamgeukia Fundi Meno. "Wewe twende. Gari liko nje. Funga mkanda."

Mgeni alikuwa mwalimu wa udereva, na gari lilikuwa la mafunzo, lenye pedali pande zote mbili, na kila kona Fundi Meno alijikuta akikanyaga breki bila kutaka.

"Acha kunisaidia," alisema mwalimu wa udereva. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Walianzia kwa baba yake. Mzee alikuwa amekaa dirishani, mbele yake kitambaa cheupe, juu yake koleo, visu vidogo na tupa vimepangwa kwa urefu. Vilikuwa tayari tangu jana. Mfuko uliokuwa na vipande vile, ulioachwa mezani, ulikuwa wa zamani pia, umekuwa manjano, lakini ulikuwa umefungwa kwa utepe mpya.

"Wewe ndiye mpelelezi?" aliuliza mzee.

"Natengeneza meno, baba."

"Basi tuko kazi moja. Gia nazo ni meno." Alicheka, kisha akaupapasa ukingo wa meza. "Nimeifungua injini ile jangwani, kwenye tope, na kwenye mvua ya mawe. Uso wake naujua kuliko uso wangu. Kesho saa nane mchana naingia hospitali."

Fundi Meno alitazama vile visu vilivyopangwa. "Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa hapa na injini yako. Tutaifunga pamoja."

"Usiniahidi kama askari mpya."

"Nakuahidi kama fundi."

Kwa Ghala walifika saa tisa. Nyumba ilikuwa na njia nyembamba ya kupita kati ya maboksi yaliyofika darini. Mwalimu wa udereva alimnong'oneza mwenzake, "Huyu huyu. Angalia, anayo ya zamani mpaka chooni."

Ghala alisikiliza tuhuma akiwa amesimama wima, masharubu yakicheza. Alivuta boksi moja la zamani kutoka kwenye rundo, akafungua. Plastiki ilikuwa safi kama sahani. Minyororo ilikuwa peke yake, ndani ya bahasha ya karatasi.

"Ninaponunua, siku hiyohiyo naitenganisha. Chagueni boksi lolote."

Mwalimu wa udereva alichagua la chini kabisa, kwa ukorofi tu, na rundo likamwangukia Ghala miguuni. Bahasha ilikuwamo.

"Mtu anayehifadhi hawezi kulaza mpira na plastiki pamoja," alisema Ghala akiokota. "Huyo mnayemtafuta alinunua ajenge, akatupa juu ya kabati, akasahau. Msitafute wakusanyaji. Tafuteni wajenzi."

Garini mwalimu wa udereva alikuwa mnyonge. "Nilikuwa nimeshamchukia kabisa, yule Ghala."

"Tunza hasira kidogo," Fundi Meno alisema. Yeye mwenyewe alikuwa hana raha, maana mjenzi aliyebaki alikuwa mmoja, na huyo ndiye aliyemfundisha kushika brashi.

Saa kumi na moja jioni ukumbi wa maonyesho ulinuka rangi na vumbi la mapazia. Meza zilikuwa zimepangwa. Kamanda, mtu mnene mwenye kofia isiyovuliwa, alikuwa akifuta kioo cha meza yake. Juu yake palikaa kifaru cha kalibu ya zamani, mgongo umeachwa wazi, na ndani injini ya kupendeza, mabomba yamepita kama mishipa. Kadi iliandikwa: *Injini imechongwa kwa mkono.*

"Aa, mwanafunzi wangu!" alinguruma. "Gari lako liko meza ya nne. Usilale leo kwa furaha."

"Shikamoo, Kamanda. Umeichonga kwa kutumia nini hii?"

"Kisu, subira, na mabaki ya plastiki. Kama kawaida."

"Imegandishwa?"

"Nimeiegemeza tu, majaji waweze kuitoa."

"Naomba niitoe."

Kamanda aliangalia meza za jirani, kisha akasogea. Fundi Meno aliinua injini kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaiinamisha kwenye taa. Chini, ndani ya rangi ya kijivu, vilionekana viduara viwili vidogo sana.

"Kila siku natoa vitu kwenye kalibu," alisema kwa sauti ya chini, asisikike meza za jirani. "Plastiki ikiganda, pini huisukuma itoke, na pini huacha duara. Kisu hakiachi duara, Kamanda."

Mkono wa kitambaa ulisimama. Mtu mkubwa yule akawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

"Mmejuaje kama ni mimi?"

"Aliyebadilisha alijali uzito wa boksi, maana yake alijua litanyanyuliwa. Alikuwa na seti ya zamani iliyosahaulika, maana yake hahifadhi. Na alihitaji injini."

Kamanda alivua kofia. Kisha akanyoosha vidole, navyo vilikuwa vimevimba kwenye viungo. "Nimechonga tatu mwaka huu. Zote zimetoka kama viazi. Watu wanakuja kuona mkono wa Kamanda, na mkono wenyewe umekwisha. Nimeagiza boksi lingine, linafika mwezi ujao. Nilifikiri la Gundi litakaa rafuni mpaka nilirudishie. Nani angelinunua kwa bei ile?"

"Mimi," alisema mwalimu wa udereva. "Kwa baba yangu. Jumatatu anapasuliwa macho."

Kamanda alimtazama, akamtazama tena. "Piga kelele, mwanangu. Nimestahili."

Mwalimu wa udereva alikuwa ameshavuta pumzi ya kupiga kelele. Lakini aliviona vidole vile, akaishusha pumzi. "Vipande vingine viko wapi?"

"Nyumbani, vyote. Sikugusa kingine." Kamanda alichukua kadi yake, akaichana vipande viwili, akatoa simu. "Gundi? Kaa chini kwanza. Nina jambo la kukuambia, na ukimaliza kunitukana nitakuja dukani unitukane mbele ya wateja."

Walikuwa mlangoni wote watatu waliposikia tangazo. Jaji mkuu alikuwa na safari, hivyo majaji wangepita kesho saa tatu asubuhi badala ya mchana. Kila mshiriki asimame mezani kwake. Asiyekuwepo jina lake linafutwa.

Fundi Meno alisimama. Meza ya nne ilikuwa pale, gari lake dogo la deraya likiwa na matope aliyoyapaka mwezi mzima, tone kwa tone.

"Mpigie mzee," alisema Kamanda. "Mwambie saa sita. Ataelewa."

"Ataelewa," alikubali Fundi Meno. "Na saa nane anaingia hospitali."

"Ningekusimamia mimi, lakini hawakubali mwakilishi. Na jina langu kuanzia leo halina uzito."

Fundi Meno alikwenda meza ya nne, akalifuta gari lake vumbi kwa brashi kavu, akaliacha.

Jumapili, saa tatu kamili, alibisha hodi. Kamanda alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, boksi kifuani. Mzee aliipokea injini, akaisogeza karibu na uso mpaka ikamgusa pua, akaizungusha polepole. Mwalimu wa udereva aliuma mdomo.

"Ndiyo hii," mzee alisema. "Hasa hii. Nani kaifunga?"

"Mimi, mzee wangu," alijibu Kamanda. "Ni kosa langu, na nimekuja—"

"Injini iliyofungwa na mtu mwingine!" Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Sijawahi kuiamini hata moja. Umetia gundi nyingi?"

"Kidogo. Ya kushikiza tu."

"Leteni kisu. Tunaifungua yote, tunaanza upya."

Simu ya Fundi Meno ililia mfukoni. Alikuwa Gundi, kutoka ukumbini, akinong'ona kwamba majaji wako meza ya tatu, na kama ana mabawa aruke sasa hivi. Alimshukuru, akaizima. Kisha alivuta kiti, akaisogeza taa karibu na mikono ya mzee.

"Tunaanza na bomba gani, baba?"