Mwenye Hataza Si Wewe

Walikutana kwenye soketi. Ukumbi wa mkutano ulikuwa umefurika, na soketi yenye umeme ilikuwa moja tu. Mikono ya binti na ya kijana mwenye shati la samawati lililonyooshwa pasi ikafika pamoja. Kijana akacheka, akamwachia. Kabla simu haijajaa chaji, moyo wa binti ulikuwa umeshazama.

Binti aliandika programu huria, ya kutumiwa na yeyote bure, inayowasomea vipofu maandishi kwa sauti. Aliianza kwa ajili ya baba yake. Kijana alikuwa mwanasheria wa kampuni iliyomiliki hataza, yaani haki ya kisheria ya umiliki, ya mbinu ya kuifanya sauti hiyo iwe laini kama ya mtu. Aliyeitumia bila ruhusa alishtakiwa. Miezi ya simu na "umekula, mpenzi?" ikapita. Ndipo kijana akaja anang'aa: kampuni imetangaza haitashtaki programu huria yoyote, na tangazo kaliandika yeye.

Binti alilisoma taratibu, akasema mbinu hiyo haiingizi kwenye programu yake.

"Huniamini?"

"Wewe nakuamini, laazizi. Mwenye hataza si wewe."

"Ahadi ni deni."

"Deni la nani, siku kampuni ikiuzwa? Mimi nina watu wanaonitegemea."

Kijana aliondoka bila kuaga, na simu zikakatika. Binti aliumia sana. Baba yake aliendelea kusomewa habari na programu ya bintiye, kwa sauti kavu ya bati.

Kampuni iliuzwa kweli. Wamiliki wapya walisema ahadi ile ilikuwa ya wenzao waliotangulia, wakaanza kuwashtaki walioiamini. Jumamosi moja asubuhi mtu akapiga hodi. Shati lilikuwa lile lile la samawati, safari hii limekunjamana.

"Kabla hawajauza niliwaomba watoe leseni isiyofutika, itakayomfunga hata mnunuzi," kijana alisema. "Walikataa. Nikaacha kazi. Nilishindwa kuja kwa aibu."

"Na leo umeniletea ahadi gani?"

"Sina. Nimekuja tu. Ukinifukuza, kesho nitakuja tena."

Machozi yalimtoka binti, naye hakuyafuta. Ndani, sauti ya bati ilinyamaza katikati ya habari. Baba alikuwa ameizima.

"Mwanangu," mzee aliita, "mgeni hasimamishwi mlangoni."

Binti akasogea, akampisha.