Bibi Shanga na Mtungi Uliolazwa

Nyumbani kwa Bibi Shanga, watu waliamshwa na kikohozi. Jogoo alikuwepo, lakini alichelewa.

Zamani Bibi aliimba akipika. Miaka mingi ya moshi wa kuni ikamnyang'anya pumzi. Daktari alimwambia waziwazi: "Mama, kifua chako hakitaki moshi tena. Ukiendelea na kuni, dawa zangu hazitafua dafu."

Basi mwanawe akanunua jiko la gesi. Mkamwana wake, fundi wa kushona nguo, akamfundisha kuwasha na kuzima. Bibi akalipenda jiko. Kazi yake ilikuwa kutunga shanga, ndiyo maana akaitwa hivyo. Sasa aliweza kutunga huku sufuria ikichemka, bila kuinama kupuliza moto.

Tatizo ni kwamba Bibi hakupenda kupoteza kitu. Moto ulipofifia, alifanya kama majirani wote. Alitikisa mtungi, kisha akaulaza sakafuni.

"Naukamua," alisema. "Gesi imebaki pembeni, inajificha."

Siku moja maharage yalikuwa hayajaiva, na moto ukawa mdogo kama wa kibatari. Bibi akaulaza mtungi. Ghafla moto uliruka hadi usawa wa rafu, wa manjano, ukalamba ncha ya kilemba chake. Mkamwana alikurupuka kutoka kwenye cherehani. Akaufunga mtungi, akamvua Bibi kilemba, akafungua mlango na madirisha.

"Umeungua, mama?"

"Nywele zangu chache bado zipo," Bibi alijibu akijipapasa kichwa. "Lakini mimi na hilo dude basi! Usiache mbachao kwa msala upitao. Kesho nawasha kuni zangu."

Mkamwana aliogopa kuliko alipouona ule moto. Moto ulikuwa umezimika, lakini kuni zilikuwa bado zimepangwa uani. Aliwahi kumsikia mama mkwe wake akitafuta pumzi, na hakutaka kuisikia sauti ile tena. Akaenda kumwita Mama Pacha, jirani yao. Mama Pacha alifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha kusafisha mafuta.

Mama Pacha alipoingia, aliusimamisha mtungi kwanza.

"Nani kaulaza?"

"Mimi," alisema Bibi. "Na mtaa mzima wanalaza. Mbona leo umenigeukia?"

"Bibi, nipe shanga zako nikuonyeshe."

Waliketi mkekani. Mama Pacha akatunga shanga tatu kwenye uzi.

"Gesi ya kupikia, petroli, mafuta ya taa, dizeli, hata lami ya barabarani, vyote vinatoka kwenye mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Ndani yake mna minyororo ya kaboni. Chukulia kila ushanga ni kaboni moja, na kando yake zimeshikamana nayo hidrojeni. Minyororo ya namna hii tunaiita alkani. Gesi yako ni hii hapa, kaboni tatu au nne tu. Ni mnyororo mfupi, mwepesi, hautulii."

"Kama wajukuu zangu," alisema Bibi.

"Petroli ina kama nane. Mafuta ya taa, kumi na mbili hivi. Dizeli huzidi hapo. Kwenye lami ni makumi."

"Hiyo lami ndiyo mimi. Nikikaa, siinuki."

Wote wakacheka.

"Kiwandani tunayachemsha mafuta ghafi," Mama Pacha aliendelea. "Mvuke unapanda kwenye mnara mrefu. Chini kuna joto kali, juu kuna ubaridi kidogo. Minyororo mirefu inageuka kimiminika mapema, inabaki chini. Mifupi inapanda mpaka juu kabisa. Kila aina tunaichota mahali pake."

"Na hii ya kwangu?"

"Hiyo tunaikandamiza mpaka inakuwa kimiminika kama maji, ndipo tunaijaza mtungini. Maji yanakaa chini, mvuke unakaa juu. Mtungi ukisimama, jiko linapata mvuke. Ukiulaza, maji yenyewe yanaingia kwenye mpira wa jiko. Yakitoka, yanageuka gesi na kutanuka zaidi ya mara mia mbili!"

Bibi alikitazama kilemba chake. "Kumbe sikukamua. Nilimwaga."

"Ulimwaga, tena juu ya moto."

Mkamwana akauliza kwa sauti ndogo, "Na kuuweka kwenye maji ya moto?" Yeye alikuwa akifanya hivyo Bibi akiwa hayupo.

"Usithubutu. Gesi ikipata joto, inausukuma mtungi kwa nguvu. Unaweza kupasuka."

"Sasa nitajuaje kama imebaki?" aliuliza Bibi.

Mama Pacha akachovya kitambaa kwenye maji ya kawaida, akaufuta mtungi kutoka juu hadi chini. "Tazama. Palipo na gesi ya maji pana ubaridi, panachelewa kukauka. Mtungi ukikauka wote kwa pamoja, ujue umekwisha."

Kisha akapaka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira. Hapakutokea mapovu, kwa hiyo hapakuwa panavuja.

"Na mkisikia harufu ya gesi, msiwashe kitu, hata taa. Fungeni mtungi, fungueni mlango, tokeni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Inatambaa sakafuni, wanakolala watoto."

Bibi alizitupia jicho kuni za uani. "Haya. Kuni zikae kwanza."

Tangu siku hiyo Bibi aliufuta mtungi kila alipomaliza kupika. Jioni moja moto ulififia. Mkamwana alikuwa na haraka, mkono ukaenda wenyewe kwenye mtungi.

"Wewe! Thubutu uone!" Bibi alifoka. "Umekwisha huo. Jana ulikauka karibu wote. Mumeo kaleta mwingine, uko mlangoni."

Kuni za uani zilipewa mfugaji wa kuku, akajengea banda. Kikohozi kilipungua polepole, mpaka asubuhi moja watu wakaamshwa na wimbo kutoka jikoni. Sauti ilikwaruza, na mistari mingine Bibi alikuwa ameisahau. Mkamwana alisimamisha cherehani, akasikiliza, machozi ya furaha yakamtoka.

Jogoo, kama kawaida yake, alichelewa.