Kisima Chini ya Gari la Tano

Asubuhi ya nne baada ya lami kung'olewa, Tomoe Kuramochi aliamka akisikia harufu ya matope. Ilitoka kwenye mto wake wa kulalia. Aliugeuza, akaunusa upande wa pili, kisha akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Baba Nao, hebu nusa hapa."

Shigeki alinusa. "Ni udongo wa nje. Dirisha lilikuwa wazi."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Wote wawili walilitazama.

Nje ya dirisha hilo palikuwa na maegesho ya magari manane waliyoyakodisha kwa miaka thelathini, pale Urawa, Japani. Tomoe ndiye aliyetaka pawe msitu: mialoni, mikafuri na miti mingine ya asili, miche mitatu kwa kila mita ya mraba, isongamane na kugombea jua ili irefuke haraka. Katapila lilivunja lami siku mbili. Siku iliyofuata, majirani walipanda miche mia nne, wakatandaza nyasi za mpunga juu ya udongo na kuzikaza kwa kamba.

Kabla ya kupanda, kuhani wa mtaa, mzee Amemiya, alikuja kuiomba ardhi ruhusa. Alinyunyiza chumvi na pombe ya mchele, akauliza swali moja.

"Hapa pamewahi kuwa na kisima?"

"Hapana, mzee," alisema Shigeki.

Alijua si kweli. Kisima kilifukiwa na baba yake. Shigeki, mwenye miaka saba, ndiye aliyeshikilia bomba lililosimamishwa katikati ya kifusi ili mwenye kisima, jini aliyekaa humo, apate pa kupumulia. Bomba hilo lilichomoza kwenye lami, kimo cha goti, kando ya nafasi ya gari la tano. Siku ya katapila, msimamizi wa kazi alimuuliza, "Bosi, kibomba hiki kina kazi gani?" Shigeki aliona haya kutaja jini mbele ya vijana wale.

"Ni bomba la maji ya mvua tu. Kateni."

Wakalikata, wakafukia.

Siku ya tano Tomoe alikatika pumzi akiosha mchele. Hospitali walimpiga picha, wakamwambia mapafu ni safi.

"Birika letu limeharibika?" Shigeki alimtania njiani. Tangu alipoanguka utotoni, pua ya Tomoe ilipiga kamluzi kembamba kila alipopumua, na mumewe alimwita birika tangu mwaka wa harusi.

Tomoe hakucheka. "Kuna mtu anavuta pumzi pamoja nami," alinong'ona. "Nikivuta, anavuta. Jana aliniachia nusu. Leo haniachii hata nusu."

Siku ya saba, saa sita mchana, alikohoa kwenye kitambaa. Kilichotoka kilikuwa tope jeusi lenye punje ya changarawe. Shigeki alikikunja kitambaa asikione mwenyewe mara ya pili, akaenda kwa kuhani bila kuvaa koti.

Amemiya alimsikiliza mpaka mwisho. "Ulinidanganya mbele ya chumvi. Kwa nini?"

"Watu walikuwa wameshika miche, mzee. Mizizi ilikuwa inakauka."

"Basi leo mkeo ndiye anayekauka. Lete mwanzi mrefu, utoboe vifundo vyote."

Walisimama ukingoni mwa msitu ule mchanga na hawakujua pa kuanzia, kwa kuwa lami iliyokuwa na alama za magari haikuwepo tena, na miche mia nne ilisimama ikifanana, na nyasi zilifunika kila kitu, mpaka Shigeki alipoona, kati ya mialoni miwili, nyasi zikiinuka polepole na kamba zikikazika juu yake, kisha zikishuka, kisha zikiinuka, na alipogeuka akamwona Tomoe dirishani, kiganja chake kimeshika kioo, kifua chake kikishuka kila nyasi zilipoinuka.

"Hapo," alinong'ona kuhani. "Usikimbie."

Shigeki aliusimamisha mwanzi. Hakuhitaji nyundo. Ulivutwa kutoka chini, ukamchubua viganja, ukabaki kimo cha goti. Upepo baridi ukatoka ukinuka maji ya zamani. Nyasi zikatulia. Dirishani, Tomoe alivuta pumzi ndefu, akafungua kioo.

"Nimepona, Baba Nao," alisema.

Jioni alikula mabakuli mawili ya wali na samaki mzima. Aliongea juu ya miti, itakavyofika paani baada ya miaka kumi. Shigeki alimtazama akitafuna, moyo umemtulia. Akamimina chai. Hapo ndipo alipogundua jinsi chumba kilivyokuwa kimya.

Alisogea, akamsikiliza akipumua. Pua ya mkewe haikupiga mluzi.

Alitoka taratibu hadi kwenye mialoni miwili, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye mwanzi. Chini kabisa, mtu alikuwa akipumua kwa shida, na kila pumzi ilikuja na kamluzi kembamba, kama birika linalokaribia kuchemka.

"Tomoe," aliita ndani ya mwanzi.

Mluzi ukaenda mbio.

Nyuma yake mlango ulifunguliwa. Harufu ya matope ikamfikia kabla ya sauti.

"Ingia ndani, chai inapoa," alisema mwanamke aliyesimama mlangoni. "Wewe mtoto una wema. Siku ile uliponishikia bomba, ulipiga magoti hivyo hivyo."