Mtaro kwenye Barabara ya Kilwa

Yuma aliuza vitambaa Kampemba, mjini Lubumbashi. Kila baada ya miezi miwili alipeleka vitambaa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, akarudi na samaki wakavu. Alisafiri na Land Rover yake ya zamani.

Mwezi wa tisa mwaka 1974, mke wake Kulthumu alitaka waende pamoja. Mama yake aliishi Kilwa, naye hakuwa amemwona mjukuu wake Alima, mtoto wa miezi minne. Waliondoka alfajiri. Moshi wa kiwanda cha shaba ulikuwa umelala juu ya mji, mweupe kama pamba.

Baada ya kijiji cha Kasomeno barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, yenye matuta madogo kama mawimbi. Gari lilitetemeka. Yuma akaongeza mwendo. Madereva wengi walimwambia kwamba ukikimbia, huyasikii matuta hayo. Kweli, mtetemo ulikwisha. Gari likawa kama linaelea.

Ilikuwa saa ya joto. Watu walikuwa wamechoma majani porini, na moshi mwembamba ulifunika miti. Vichuguu virefu vilipita pande zote mbili, kama watu waliosimama kuwaangalia. Alima alilala kifuani pa mama yake. Kulthumu naye alifumba macho. Mbele, barabara iling'aa kama maji. Yuma akamwona binti yake amekuwa mkubwa, amevaa nguo za shule, anamsomea barua. Akatabasamu.

Hakuuona mtaro mpaka ulipokuwa karibu sana. Mvua za msimu uliopita zilikuwa zimeikata barabara, upande hadi upande. Akakanyaga freni kwa nguvu zote. Pua ya gari ikainama, magurudumu ya mbele yakaingia. Gari likarushwa, likatua ng'ambo, likasimama ndani ya majani.

Vumbi likashuka polepole. Kulthumu alikuwa amejikunja juu ya mtoto, damu ikimtoka mdomoni. Alima hakulia. Yuma alingoja sauti hiyo, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko safari yote. Kisha mtoto akavuta pumzi, akalia.

Kulthumu alishuka, akakaa chini.

"Baba Alima," alisema kwa sauti ndogo, "mi sipande tena mu hii motokari. Nitaenda na miguu mpaka ku Kilwa."

Yuma alimfuta damu mdomoni.

Mtu mmoja akaja na baiskeli, amebeba koleo begani. Aliitwa Mumba, na kazi yake ilikuwa kutengeneza barabara. Kwanza aliuliza habari za mtoto, kama ananyonya. Kulthumu akampa Alima titi, akanyonya. Mumba aliwaambia wampeleke kwa muuguzi wakifika Kilwa, hata kama anaonekana mzima. Ndipo akalala chini ya gari, akatazama. Mabomba ya freni yalikuwa mazima, mafuta hayakuvuja. Lakini resori, vile vyuma vyembamba vinavyobeba gari, ilikuwa imevunjika mbele.

Aliifunga kwa kipande cha mti mgumu na mipira ya tairi kuukuu. Huku akifunga, alimweleza Yuma.

"Ukikimbia, tairi inaruka juu ya mawimbi, haiguse udongo muzuri. Njo maana unasikia utamu. Lakini freni haikamate, na volan, usukani wako, haikusikie."

Yuma alisema kwamba freni aliikanyaga sana.

"Uliikanyaga mpaka mu shimo. Pua inainama, resori inabanwa, haina tena nafasi ya kupokea kishindo. Punguza mwendo mbele ya shimo, kisha achia freni, ingia polepole mu vitesi ya kwanza, gia ile ya nguvu. Mutaro ukikata njia, pita kwa mushazari, tairi moja moja. Kama haujue urefu wake wa kwenda chini, shuka, uangalie."

Akamwonyesha matawi mabichi yaliyopondwa barabarani, hatua mia mbili nyuma. Yeye ndiye aliyeyaweka, kuonya madereva. Yuma alikuwa amepita juu yake.

"Nilikuwa ninaota," Yuma alisema.

Mumba hakumcheka. Alisema joto lile huwalaza wengi macho wazi, na dawa yake ni kusimama, kunawa uso na kupumzika.

Kulthumu alimfunga mtoto mgongoni, akaanza kutembea. Yuma hakumbembeleza. Aliendesha nyuma yake, mwendo wa miguu yake, ndani ya ule moshi mwembamba. Walikwenda hivyo mpaka wakaona matawi mengine. Yuma akasimamisha gari. Akashuka, akapima mtaro kwa fimbo. Kulthumu akavuka kwanza, akageuka, akamwonyesha njia kwa mkono. Tairi moja ikaingia ikatoka, kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Gari lilivuka taratibu, kama mtu anayepanda kitandani bila kumwamsha mwenzake.

Kulthumu alifungua mlango, akakaa mahali pake.

Walilala kijijini njiani, wakafika Kilwa kesho yake mchana. Muuguzi alimpima Alima, akamkuta mzima. Yuma alibadilisha resori.

Wakati wa kurudi, gari lilijaa samaki, na hakuna chuma kilichovunjika. Saa ya joto, Yuma aliona barabara inaanza tena kung'aa. Akaegesha kivulini, akazima mota, akanawa uso. Kulthumu na Alima walikuwa wamelala. Akakaa nje, akiwasikiliza wakipumua, mpaka walipoamka wenyewe.