Makala ya Njia za Miguu

Wanawake walimkimbia Wekoye siku ile ya soko mjini Kitale kabla hata hajawasalimu. Alikuwa amevaa koti la buluu na kushika ubao wenye karatasi, na mwanamume wa namna hiyo sokoni huwa ni mmoja tu: kanjo, askari wa kaunti. Vikapu vya mboga za kunde na managu vikabebwa upesi, naye akabaki peke yake katikati ya majani ya kabichi yaliyokanyagwa.

Msichana wa duka la mbegu na dawa za mifugo aliegemea mlango akicheka. Alivaa gauni la kitenge cha manjano, na juu yake koti jeupe la kazi lenye doa la dawa kifuani.

"Sasa, afisa. Utashika nani na wote wameenda?"

"Mimi si kanjo, madam. Nafundisha jiografia chuoni, Bungoma. Nataka tu kujua hawa akina mama hupitia wapi wakikuja soko."

"Na ukakuja umevaa hivyo? Toa koti, bana. Hiyo ubao pia nipe."

Akampa vyote viwili. Hakujua ni kwa nini alitii haraka hivyo.

Jina la msichana huyo lilikuwa Phelista Nabwile, mzaliwa wa Sirisia. Naye alikuwa na shahada ya jiografia, lakini kwa miaka mitatu kazi pekee aliyopata ilikuwa hiyo ya kuuza dawa ya kupe. Alimwita Mama Wahu, muuza mboga aliyesikilizwa na wenzake wote.

"Mama, huyu ni mtu wangu. Asikimbiwe."

Mama Wahu alimkagua Wekoye kuanzia viatu mpaka nywele. "Wako vipi?"

"Sijui bado."

Wanawake wakacheka, wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Lakini walikuwa na desturi yao: njia haielezwi, njia hutembewa. Anayeuliza njia na hana mzigo, waliamini, ana nia nyingine. Kwa hiyo Phelista, aliyekubali kumsaidia Wekoye katika utafiti, siku zake za mapumziko alitwishwa kabichi akatembea nao, simu mfukoni ikirekodi kila kona, mara upande wa Moi's Bridge, mara upande wa pili wa mji. Alifanya hivyo miezi minane. Kila jioni Wekoye alimpigia.

"Umefika?"

"Nimefika. Shingo imeingia ndani ya mabega, nimekuwa kobe."

"Kobe wangu."

"Wacha mchezo. Leo nimepata kitu. Mzigo ukiwa mzito, wanaacha njia fupi wanazunguka na ile ndefu. Unajua ni kwa nini?"

"Matope?"

"Ati matope. Njia ndefu iko na maboma, nyumba za watu. Kuna mtu wa kukushukishia mzigo upumzike, halafu akubebeshe tena. Peke yako huwezi jitwika gunia."

Wekoye aliyaandika maneno hayo pembezoni mwa daftari. Alijua kwamba amepata kiini cha makala, na kwamba anataka kuisikia sauti hii maisha yake yote.

"Desemba nitaleta wazee kwenu kuposa," akasema.

"Lete. Lakini waambie wasivae koti ya buluu."

Walipomaliza, Phelista alichora ramani na kuandika sehemu ya maboma. Wekoye akaandika iliyobaki. Aliketi ofisini kuituma makala kwa jarida la jiografia. Fomu ilitaka kila mwandishi ataje chuo chake na barua pepe ya chuo. Phelista hakuwa na chuo. Wekoye akamgeukia Tonny, mwalimu mwenzake.

"Weka kwa shukrani, bana," Tonny alisema bila kuinua macho. "Kila mtu hufanya hivyo."

Akaandika: shukrani kwa P. Nabwile, msaidizi wa nyanjani. Alikusudia kumweleza jioni hiyohiyo. Lakini jioni hiyo Phelista alikuwa akiimba simuni, na jioni iliyofuata alikuwa amechoka, na jambo lenyewe likazoea kutosemwa.

Makala ilichapishwa, na kabla ya Desemba jarida likatangaza tuzo yake ya makala bora ya utafiti. Mshindi alikuwa Wekoye. Angealikwa Nairobi kuisoma makala mbele ya wanajiografia wa nchi nzima.

Phelista ndiye aliyepiga simu.

"Hongera, mwalimu."

"Feli, nilikuwa nataka kukuambia..."

"Nimesoma yote. Nimejipata ukurasa wa kumi na tisa. Msaidizi."

"Fomu ilitaka mtu wa chuo, mpenzi. Nisamehe."

"Ungeniambia. Ningekasirika siku mbili, nipoe. Mama Wahu ameniuliza kama jina yangu iko. Nimesema iko. Nimemdanganya mama wa watu kwa sababu yako."

Akakata. Wiki mbili hakushika simu.

Wekoye alikonda. Mwishowe aliwaandikia wahariri akakiri kila kitu: nusu ya kazi ilikuwa ya Phelista. Mhariri alijibu kwa upole. Jina lingeweza kuongezwa, ila kwa kanuni zao makala inayobadilishwa waandishi baada ya uamuzi hutoka kwenye tuzo. Mwishoni akauliza: je, mwandishi mwenzako anakubali hivyo, au mngependa kuitetea tuzo mbele ya kamati kwanza? Tunahitaji neno lake.

Alimpigia Phelista mara sita. Kisha akawajibu wahariri kwa neno moja: amekubali. Alipolituma alihisi mwepesi, kama mtu aliyelipia dhambi yake.

Jumamosi alikwenda Kitale. Mvua iligonga mabati ya duka. Phelista alifuta mikono, akapokea bahasha, akaitoa makala mpya.

"Jina yangu iko mbele."

"Ndipo pake."

Macho yake yakajaa machozi. Aliuweka mkono wake juu ya wa Wekoye, ukakaa hapo.

"Na tuzo?"

"Nimeiachilia, wamepea wengine. Sikuitaka bila wewe. Soma, barua zote ziko hapo."

Akasoma, taratibu, mpaka ya mwisho. Mkono wake ukaondoka.

"Nani alikubali?"

"Ulikuwa hushiki simu."

"Kwa hivyo ukanikubalia."

"Nilidhani hutaki hata kuisikia."

"Niliitaka, Wekoye. Niliitaka sana. Ningeshona gauni, Mama Wahu akae mbele kabisa, nisome ile sehemu ya maboma. Ningepata hata kazi. Walikuuliza, si wameandika hapa? Ungekuja tu, usimame hapo umesimama, uniulize."

"Niliitupa kwa ajili yako."

"Ilikuwa yangu pia."

"Nitawaandikia tena."

"Utaandika nini? Kila ukiandika, mimi niko ndani na sijui."

Mvua ilizidi. Wekoye aliuliza kwa sauti ndogo, "Na Desemba?"

"Usilete wazee." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto. "Si hasira. Hasira iliisha. Leo nikifunga duka ningekupigia, nilikuwa nimeshaamua. Lakini siwezi kuishi kwa nyumba yenye naambiwa vile nimekubali."

"Feli."

"Nakupenda, Wekoye. Hiyo sikatai. Enda tu."

Mzee mmoja mkulima aliingia, mwavuli ukichuruzika, akaomba mbegu ya mahindi. Phelista akajipangusa macho kwa kiganja, akamuuliza shamba lake liko mteremkoni au bondeni, maji hutuama au hupita, na mwaka jana alipanda nini. Mzee alijibu kwa kirefu, akirudia mambo. Phelista alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akainua mkono kwenye rafu na kuchagua pakiti.

Wekoye alisubiri mlangoni mpaka akaona hakuna tena cha kusubiri, kisha akatoka akiwa kichwa wazi mvuani, kuelekea stendi ya magari ya Bungoma.