Nafasi Moja ya Mkaguzi

Duka la fotokopi lilifurika watu, na fundi wa lifti, binti wa ovaroli ya bluu na hereni nyekundu, alikuwa wa tisa kwenye foleni. Alikuja kuchapisha kitabu cha kiwango cha usalama wa lifti, kurasa mia tatu, ajiandae kwa mtihani wa ukaguzi. Nafasi ya mkaguzi ilikuwa moja tu mji mzima, naye aliitafuta kwa udi na uvumba.

"Toka foleni, dada," akanong'ona kijana wa shati jeupe lililonyooshwa. "Ninayo nakala. Mimi pia fundi, mtihani ni huohuo. Tusome pamoja."

Laiti angejiuliza! Lakini maneno yale yangemtoa nyoka pangoni.

Kila jioni walikaa sebuleni kwa shangazi yake binti, mabega yakigusana, kijana akimfundisha.

"Usisome kama hadithi, kipenzi. Anza na upeo: kinahusu nini, hakihusu nini. Kisha maana za maneno. Hata 'mlango' usidhani unaujua. Penye 'lazima' piga mstari mwekundu. Penye 'inafaa', huo ni ushauri tu. Ukielekezwa kwenye kifungu kingine, kifungue papo hapo."

"Na wewe unanipenda lazima, au inafaa?"

"Lazima, mpenzi. Piga mstari."

Binti akacheka, akazama penzini mzimamzima.

Siku ya mtihani kalamu iliteleza yenyewe. Matokeo yalipotoka, alikuwa wa mwisho. Msimamizi, mama mtu mzima mwenye miwani, akamwita pembeni.

"Mwanangu, umejibu kwa toleo lililofutwa miaka minne iliyopita. Mwaka wa toleo huandikwa ukurasa wa kwanza. Ndio unaosomwa kabla ya yote."

"Nakala yangu inaanzia ukurasa wa tano, mama."

Mama akavua miwani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Simu ikalia binti akishuka ngazi.

"Kipenzi! Nafasi nimepata! Sasa naweza kukuoa."

"Kurasa za mwanzo ulizing'oa lini?"

"Nafasi ilikuwa moja, mpenzi."

"Ungeniomba, ningekuachia." Na ni kweli, angemwachia bila kinyongo.

"Basi si tumefika palepale? Niambie tu, kwa shangazi nije lini?"

Akakata simu. Akakaa ngazini akalia mbele za watu, kwa sababu yule mwanamume hakuwa akitania, na kwa sababu bado alimpenda.