Nyumba ya Boksi la Televisheni

Mimi ni fundi cherehani hapa Isikizya, na ni mnene. Nalisema mwenyewe kabla hamjalisema ninyi. Nikikutazama mara moja najua kiuno chako, mabega yako na urefu wa gauni lako. Utepe naushika kwa heshima tu. Wateja wangu hunitania kwamba jicho langu lina namba, nami huwa nacheka nao.

Mdogo wangu Mektilda ameolewa Lusu, kule Nzega. Mwezi wa tisa mwaka jana nilikwenda kuwasalimia, na siku ya pili mume wake, Masanja, ambaye ni dereva wa lori, akarudi kutoka Igunga na televisheni mpya. Wakubwa walikimbilia televisheni. Binti yao Imakulata, wa miaka mitano, alikimbilia boksi.

"Mama mkubwa, tujenge nyumba ya mwanasesere wangu."

Mwanasesere mwenyewe alikuwa gunzi la hindi lililovikwa kitambaa. Nikamwambia haya, lete kisu. Tulijenga asubuhi nzima: chumba kimoja, paa la mgongo, madirisha mawili, na mlango mdogo wa kupitisha paka, unaofunguka na kufungwa. Gundi nilipika kwa unga wa mtama, maana duka lilikuwa mbali. Imakulata alipaka boksi, akajipaka hadi masikioni. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha tukaiweka uani, karibu na njia ya kuingilia, mahali palipokuwa sawa, penye mawe matatu yaliyozama ardhini. Juu ya mlango nikaandika kwa kalamu nene, kwa mwandiko ninaojivunia: NYUMBA YA IMAKULATA.

Mama yake Masanja, Bibi Eustadia, alitoka shambani saa sita. Nikamwamkia. Alikuwa anatazama boksi.

"Mmegandisha kwa kitu gani?"

"Unga wa mtama, mama."

"Na ni ya nani?"

"Yangu, bibi!" Imakulata akaruka. "Mama mkubwa ameandika jina langu."

Bibi akaketi palepale chini, na jembe lake begani. Akanieleza kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie. Kabla hawajabatizwa, hapo penye mawe ndipo kilipokuwa kijumba cha nyasi cha mzimu wa mama mkwe wake. Walikuwa wakimwekea unga wa mtama mlangoni. Walipobatizwa walikibomoa, basi.

"Nyumba ndogo, hapa, kwa unga huu, tulimjengea aliyekwisha kufa," akasema. "Hatukumjengea mzima. Hatukumtaja mzima."

Nikamwambia mama, huu ni mchezo wa mtoto. Moyoni nilimwona mzee anazeeka tu.

Kesho yake Imakulata alikataa uji. Mchana akakataa ugali, na jioni akakataa hata karanga, yeye ambaye huiba karanga mfukoni mwa baba yake. Siku ya tatu tukampeleka hospitali. Wakapima malaria, wakapima choo, wakapima kila walichoweza. Mtoto mzima, walisema. Alishwe.

Siku ya nne, saa saba mchana, jua limewaka uani, nikamkuta amelala kifudifudi mbele ya nyumba yetu. Kichwa chake kilikuwa kimegusa mlango. Alikuwa ananong'ona, ananyamaza kusikiliza, ananong'ona tena.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na watu wa ndani."

"Wanasema nini?"

"Mlango ni mdogo. Wanasema nipungue kidogo, nitaenea."

Nilimnyanyua. Mikononi mwangu alikuwa mwepesi kuliko gauni lake. Jicho langu likampima bila kuambiwa: mabega yamepungua inchi mbili. Siku nne tu. Na mlango ule niliukata mimi.

Nikachukua panga nikaivunje nyumba ile. Bibi Eustadia akanishika mkono.

"Utabomoa, na mwenye nyumba umeshamwandika? Akakae wapi?"

"Sasa tufanyeje, mama?"

Akatazama ndani, alikolazwa mjukuu wake. Akatazama boksi.

"Funika jina lake. Andika la kwangu."

Kanisani huwa nasimulia kwamba nilisita, kwamba nililia, kwamba alinilazimisha. Si kweli. Nilipika gundi nyingine, nikabandika karatasi, nikaandika: NYUMBA YA EUSTADIA. Herufi zilinyooka vizuri. Nilimtaka mtoto wetu, na bibi alikuwa mtu wa kwao, si wa kwetu.

Saa kumi Imakulata akaomba ugali. Alikula mpaka Mektilda akaogopa.

Usiku ule bibi hakula. Wala kesho yake. Masanja alibembeleza, akagombana, akamleta katekista. Bibi alitabasamu tu, akasema ameshiba. Mchana alikaa uani kando ya mawe matatu. Sisi tulipita mbali. Siku ya tisa, saa saba ileile, tukamkuta ameegemea boksi. Amekwisha kufa.

Gauni la kuzikia nililishona mimi. Nikampima kwa utepe, maana jicho langu sikuliamini. Nikarudia. Nikarudia tena. Vipimo vilikuwa vya mtoto wa miaka mitano. Mektilda aliona namba nilizoandika, akaipindua karatasi.

Nikarudi Isikizya. Mvua zikaja, mvua za kung'oa mabati. Boksi si kitu mbele ya mvua, nikajipa moyo. Litalowa, litaoza, yataisha.

Jana Mektilda alinipigia simu.

"Dada, ile nyumba yenu haijalowa."

"Acha utani."

"Imeongezwa chumba. Masanja anasema si yeye. Boksi la chumba hicho hatujui limetoka wapi. Na gundi bado mbichi."

Nilisikia mikono ya mtoto inamnyang'anya simu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Unakula?"

"Nakula. Bibi anakusalimia." Kisha akasema kama anayeambiwa maneno pembeni: "Bibi anasema wewe endelea kula tu. Usijipunguze."

Simu ikakatika. Baadaye kidogo Mektilda akatuma picha. Nimekaa nayo tangu jana, cherehani sijaigusa, na sare za shule za watu zimelala mezani.

Chumba cha kwanza ni kile nilichokijenga, na jina la bibi liko palepale. Chumba cha pili kimeegemea ubavuni. Imakulata amesimama mbele ya mlango wake, anacheka, na mlango umemzidi juu na pembeni kote. Juu ya mlango pamebandikwa karatasi nyeupe. Haijaandikwa kitu.

Nimeikuza picha. Nimeutazama mlango ule mara moja tu, kama ninavyomtazama mteja. Mabega. Kiuno. Urefu.

Ni vipimo vyangu.